Oveni ya Afande Okot

Wewe unayenisoma gazetini kwa mara ya kwanza leo, karibu, tafuta pa kukaa. Mimi ni Okot, sajini mstaafu, Mwacholi niliyezeekea kambini hapa Kasese. Nilipotoka jeshini nilichukua kiinua mgongo changu chote nikajenga sauna kando ya barabara ya Kilembe. Chumba cha mbao, jiko la kuni ndani. Watu wanaingia, wanalipa, wanatoka jasho.

Hapa Kasese. Mahali ambapo mbuzi wanagombea kivuli cha nguzo ya umeme kabla chai ya asubuhi haijaisha.

Nilikuwa nimeona Kampala watu wenye magari ya maana wakipanga foleni kulipia jasho, nikasema moyoni, Okot, utajiri ndio huu. Bango nikaliandika AFYA SAUNA. Watu wa mtaa wakaiita Oveni ya Afande.

Wiki jana niliwaacha pale jiko lilipopasuka, moshi ukajaa chumbani, na mteja pekee wa siku ile, mwalimu wa kwaya, akatoka mbio hadi barabarani akiwa na taulo na imani yake tu. Wengi mmeuliza kama alipona. Alipona. Anaimba vizuri. Ila siku hizi akiniona anavuka barabara.

Basi, moshi ulipotulia, mke wangu Aryemo alikuja na ndoo ya maji, akamwaga kwenye makaa, akaweka ndoo chini.

"Baba Emma," akasema, "Mungu amekusaidia. Limepasuka lenyewe."

"Litatengenezwa."

"Na nani?"

Nilimwita fundi wa kuchomelea. Akalizunguka jiko, akaligonga kwa nyundo huku na huku, akatikisa kichwa kama daktari mbele ya ndugu wa mgonjwa.

"Afande, hii chuma imechoka. Nunua ingine."

Alipotaja bei ya jiko jipya, Aryemo alicheka. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama mtu aliyesikia mtoto akiomba ndege.

"Mama Emma, fikiria vizuri," nikasema fundi alipoondoka. "Kila kitu changu kiko humu. Nikiacha sasa, vyote vimepotea bure."

"Vimeshapotea. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayajamwagika. Yamechemka tu."

Aryemo amehama nami kambi baada ya kambi. Amelea watoto kwenye nyumba za mabati, akanisubiri niliporudi na iliposemekana sitarudi. Si mwanamke wa kelele. Alivuta kiti cha wateja, viti vilikuwa vingi na vyote vitupu, akakaa.

"Nikuulize kitu. Chukulia hiki kiwanja hakina kitu. Pesa zako zote unazo mkononi, leo hii asubuhi. Ungejenga nini hapa?"

Koo lilikuwa limenikauka na jasho linanichuruzika mgongoni. Nikajibu bila kufikiri.

"Duka la soda baridi."

Hata mimi nilijisikia nikisema.

"Asante," akasema Aryemo.

"Lakini kiwanja si kitupu!"

"Ni kweli. Kina oveni."

Nikatafuta silaha yangu ya mwisho, nikaipata.

"Na Alisi je?"

Ninyi wa zamani mnamjua Alisi. Ni bibi wa mtaa wa pili, mwenye magoti mabovu, aliyekuwa akija kila Jumatano tangu tufungue. Sikumtoza hata senti, nikasema huyo ni tangazo linalotembea. Na kweli lilikuwa linatembea. Alikuja akichechemea, na mwezi huu alikuwa anatembea kama binti. Kila aliyenicheka nilimtajia Alisi. Waliokuja mara moja wakaondoka wakinuna sikuwakumbuka hata sura. Alisi ningeweza kumchora.

Bahati ikawa upande wangu. Alisi mwenyewe alikuwa anakuja, kikapu mkononi, ameusikia moshi.

"Mama, magoti vipi?" Aryemo akamwuliza.

"Yamepona, Mungu asifiwe."

Nikavimba kama andazi.

"Kwa joto la hapa?"

"Joto?" Alisi akashangaa. "Hapana, binti yangu. Ni dawa ya hospitali. Ile ya kuchomwa kwenye goti. Hapa nakuja kukaa tu. Nyumbani wajukuu hawaniachi nisinzie." Akanigeukia kwa upole. "Hilo joto lako, Afande, navumilia kwa heshima yako."

Aryemo alifunika mdomo kwa kitenge.

Sasa sikilizeni akili ya mtu aliyepotea njia. Mtu mwingine angefunga duka siku hiyohiyo. Mimi nilikwenda kulala nikijiambia: umesikia mwenyewe, magoti yamepona, na watu wazima wanapata usingizi hapa. Hayo mengine yalipita sikio hili yakatokea lile.

Kesho yake nikapata wazo kubwa zaidi.

Shida si sauna. Shida ni mahali.

Wazo hilo nilipewa na Magidu, kijana wa bodaboda. Nilikuwa nalalamika naye chini ya bango langu, akasema, "Afande, Kasese watu wanajua joto tayari. Nenda Bwera, mpakani. Kule Wakongo wako wengi, wanatoka juu Butembo, baridi iko kwenye mifupa."

Nikaona nuru. Watu wa baridi! Wamezoea mablanketi na makoti! Sikujiuliza kwa nini mtu wa bodaboda anaona ni vyema mimi niende mbali. Nikapanda pikipiki yake.

Njiani tulipita Kisinga, kwenye shamba la Aryemo. Alilinunua mwenyewe kwa miaka ya kushona nguo za wake wa askari. Nyanya zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu. Naona aibu kuwaambia, lakini nililiangalia lile shamba kama mtu anavyomwangalia jogoo wa Krismasi. Nikapiga hesabu kichwani: tukiliuza, jiko jipya Kasese, na sauna ya pili Bwera. Ya pili itaiokoa ya kwanza.

Kumbe kuzama kwenye shimo moja hakunitoshi.

Bwera palichangamka kama kawaida, wabadilisha fedha na miavuli yao, bodaboda kila upande. Mtu wa kwanza niliyemsalimu ambaye hakunitaka nibadilishe fedha alikuwa mama mnene, mwenye msalaba shingoni, ameketi juu ya rundo la mbao. Marie-Louise, mfanyabiashara wa mbao kutoka Butembo.

Nikamweleza habari yangu yote. Chumba, mbao, jiko, jasho, afya. Akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Sergent," akasema, "mi niulize. Mutu analipa, anaingia, anasikia joto, anatoka?"

"Ndiyo, Maman."

"Na ku inje, joto iko?"

"Iko, lakini ni tofauti."

"Butembo tuliacha baridi, ni kweli. Tukafika huku, Mungu akatupatia joto ya bure. Sasa weye unataka tulipe ya pili?"

Vijana wake wa mbao wakacheka mpaka mmoja akashuka chini kutoka kwenye rundo. Magidu naye, msaliti, akacheka nao.

Nikageuka niondoke.

"Ngoja," akaniita. Safari hii hakuwa anacheka. "Ile chumba yako, joto inakaa ndani? Haitoroke?"

"Haitoroki. Nimejenga kuta mbili."

"Na mutu anaweza pima joto, aongeze, apunguze?"

"Anaweza."

Akainuka. Akachukua ubao mmoja akaniinulia machoni niutazame kwa urefu wake. Ulikuwa umepinda kama upinde.

"Mbao yetu inakuja ingali mubichi. Ikifika Kampala imekuwa hivi, wananikatia bei. Mi niko natafuta séchoir, pahali pa kukausha. Weye umejenga séchoir, Sergent. Haujue tu."

Kesho yake alikuja Kasese na gari la kukodi. Aliingia ndani ya sauna yangu, mteja wa kwanza aliyeingia na viatu, akapapasa kuta, akanusa, akapiga mluzi kidogo. Hata jiko lililopasuka halikumtisha. Alisema ndugu yake Beni anatengeneza majiko makubwa. Aryemo akaleta chai. Wale wanawake wawili wakatazamana juu ya vikombe kama watu waliojuana zamani.

Kisha Marie-Louise akataja bei.

Haikuwa bei mbaya. Nawaambia leo, haikuwa mbaya hata kidogo. Lakini mimi nilisikia matusi. Nikamtajia yangu: gharama ya mbao zote, misumari, mafundi, bango, safari zangu za Kampala, na juu yake nikaongeza usingizi nilioukosa.

Marie-Louise akaweka kikombe chini taratibu.

"Sergent, sikia. Mi nauza mbao. Ubao ikipinda, siwezi kumwambia mutu, lipa bei ya ile ya kunyooka, sababu mwenye aliikata alitoka jasho mingi. Jasho ni yake. Ubao ni ya kupinda."

"Basi siuzi."

"Bon." Akamalizia chai, akamshukuru Aryemo, akamkumbatia. Mlangoni akasema, "Chai iko nzuri. Ni bei tu iko na homa."

Jioni Aryemo hakunisemesha mpaka tumemaliza kula. Nilijua kinachokuja, nikaamua kukitangulia, nikatoa lile wazo la shamba la Kisinga. Nililitoa kwa maneno matamu, na hesabu zote, na neno "upanuzi" nililolisikia redioni.

Hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka.

"Jeshini," akauliza, "mlikuwa mnarudi nyuma?"

"Mara nyingine."

"Mkishindwa?"

"Si kushindwa. Mnaona mahali hapashikiki, mnaondoka kwa mpango, mnaokoa watu mpigane mahali pengine. Mkubwa asiyejua kurudi nyuma anawazika vijana wote kwa ajili ya kilima kimoja."

Nilikuwa naongea kwa ufahari. Nilikuwa nimewafundisha makuruta mambo hayohayo.

"Na kwenye hiki kilima chako," akasema Aryemo, "askari wako ni nani?"

Nikamtazama.

Alikuwa ananiangalia tu, mikono juu ya magoti, ile mikono iliyoshona magwanda na suruali za watu miaka yote hiyo. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. Nikagundua kwamba anaogopa. Mwanamke ambaye hakuogopa bunduki alikuwa ananiogopa mimi na mawazo yangu.

"Ni wewe," nikasema.

"Basi nitoe hapo, Baba Emma. Nimechoka kuzikwa."

Nilitoka nje nikasimama kwenye uwanja. Baada ya muda nikarudi, nikampigia Marie-Louise simu. Nikakubali bei yake. Alisema atakuja Jumamosi na lori, alete fedha na shehena ya kwanza pamoja. Nilipokata simu, Aryemo alinishika bega akaliminya. Usiku ule nililala kama jiwe.

Hapa hadithi ingekwisha. Wasomaji wangu mngekunja gazeti, mngesema, Okot amepona.

Jumamosi ikafika.

Asubuhi niliziba ufa wa jiko kwa udongo na kipande cha bati, nikawasha moto, ili Marie-Louise akifika aone joto lenyewe kwa macho yake. Mlimani mvua ilikuwa inanyesha tangu juzi, mawingu yamekaa juu ya Kilembe kama kofia. Moto ukashika. Chumba kikapata moto vizuri kuliko siku zote.

Adhuhuri gari la watalii likasimama chini ya bango langu.

Akashuka Sam, kijana anayewapandisha wageni mlimani. Nyuma yake wakashuka wazungu, wake kwa waume, wamelowa, wametapakaa tope hadi kiunoni, midomo imegeuka rangi. Walikuwa wametoka kwenye theluji, kule kileleni.

"Afande," Sam akaniuliza, "iko inawaka?"

"Inawaka!"

Wakaingia. Mimi nikabaki mlangoni nimeshika kuni. Nilizoea kusikia sauti za kulalamika kutoka chumba kile. Safari hii nilisikia mguno mmoja mrefu, kama wa ng'ombe aliyefika mtoni. Halafu wakaanza kucheka. Halafu wakaimba.

Mwanamke mmoja akatoka, uso mwekundu kama nyanya, akanishika mikono yote miwili, akasema kitu huku machozi yanamtoka.

"Anasema nini?" nikamwuliza Sam.

"Anasema hapa ni mbinguni."

Mbinguni! Baada ya miezi yote ya Oveni ya Afande!

Wakalipa bila kuuliza bei. Wakalipa zaidi. Wakapiga picha na bango langu. Wakataka kuingia tena.

Aryemo alikuwa amesimama penye kona ya nyumba, akipangusa mikono. Nilimwona uso wake ukibadilika, na haukubadilika kwa furaha. Alinijua. Alijua kinachotokea kichwani mwangu kabla mimi sijakijua.

Wakati huohuo lori likaingia uwanjani, mbao juu hadi angani, Marie-Louise mbele kando ya dereva. Akashuka na mkoba wake kifuani.

"Sergent! Niko nimefika, na yote iko hapa."

"Maman," nikasema, na ulimi ukaniteleza kama mtu aliyekunywa, "samahani sana. Siuzi tena."

Hakushangaa sana. Alisikiliza nyimbo zilizotoka ndani, akaziangalia zile buti za tope mlangoni.

"Hawa batu wanatoka wapi?"

"Mlimani! Ni wateja! Soko limefunguka!"

Aryemo akasogea karibu. Hakuongea nami. Aliongea na Sam.

"Sam, hawa wageni, kwa nini umewaleta hapa leo?"

Sam akajikuna kichwa. "Mama, kule wanalala umeme umekatika. Maji ni baridi sana. Ndiyo nikakumbuka Afande."

"Na umeme ukirudi?"

"Ukirudi wataoga huko. Kila siku wanaoga huko."

"Kuna wengine unawaleta lini?"

"Mvua imeanza, mama. Watu wanapungua. Labda msimu ule mwingine."

Nilisikia yote. Nataka mjue kwamba nilisikia kila neno, sikuwa kiziwi. Lakini lile neno "labda" lilinipendeza kuliko yote. Labda! Nikalishika kwa mikono miwili.

"Mnaona?" nikasema. "Msimu ule mwingine!"

Marie-Louise akamtazama Aryemo. Aryemo akamtazama Marie-Louise. Kisha mke wangu akaligeukia lile lori, akaangalia zile mbao juu mpaka chini, kama alivyokuwa akiangalia kitambaa kabla hajakikata.

"Maman Marie-Louise, hizi mbao zinataka jiko peke yake? Au jua na upepo vinaweza?"

"Jua na upepo inaweza. Unaweka bati ku juu, unazipanga na nafasi katikati, zipumue. Inachelewa kidogo. Lakini inakauka, kabisa."

"Kisinga nina shamba. Jua liko mpaka linabaki. Upepo unatoka ziwani."

"Na mwenye shamba anataka bei gani?"

"Mwenye shamba hataki kuuza. Anataka tushirikiane."

Marie-Louise alicheka mpaka msalaba ukaruka kifuani. Akanyoosha mkono. Wakashikana, pale pale, mbele ya bango langu, kwa muda mfupi kuliko niliotumia mimi kuchagua rangi ya kuliandikia.

Aryemo akaingia nyumbani, akatoka na mfuko wake mdogo na jembe.

"Mama Emma, unaniacha?"

"Nani amekuacha? Naenda kazini." Akapanda lorini, akakaa kando ya Marie-Louise aliyekwisha kurudi mbele. "Chakula kiko kwenye sufuria. Chumvi nimepunguza, jasho lako linatosha."

Dereva akawasha injini. Marie-Louise akainamia dirisha.

"Sergent, tutahitaji mutu wa kupanga mbao. Mutu mwenye anajua mustari, anajua kulinda. Nafasi iko moja, hapa nyuma. Lakini leo. Kesho nitatafuta mwingine."

Ndani ya sauna wazungu wakaanza kugonga ukuta. Sam akachungulia nje.

"Afande, wanaomba kuni! Wanasema moto unapungua! Watalipa tena!"

Lori likaanza kurudi nyuma taratibu kuelekea lango. Aryemo hakunipungia mkono wala hakuniita. Alikuwa ananiangalia tu kupitia dirisha, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sikuweza kusoma kitu usoni mwake.

Nilikuwa na kuni mkononi. Nikapiga hatua moja.

Nilimwona Aryemo ameshika mlango wa lori. Sam naye mlangoni amenyoosha mkono azipokee zile kuni. Wote wawili waliiona hatua ile, na kila mmoja alidhani naja kwake.